Baba kasema nikirudia tena kwamba Ayubu ni fasihi nisirudi nyumbani

Shikamoo Mjomba,

Naomba unisaidie maana nyumbani kumechafuka na sioni wa kumwambia, kila nikiongea naonekana nimezidisha.

Niko chuo mwaka wa tatu nasoma ualimu, masomo yangu Kiswahili na fasihi. Kwetu mkoani, baba ni mwinjilisti wa Kilutheri, mtaa mzima wanamjua, mama yuko kwaya tangu sijazaliwa. Semista iliyopita tulikuwa na kozi ya fasihi linganishi, lekchara akatupa orodha ya matini za kale kila mtu achague yake, mi nikachagua Kitabu cha Ayubu kwa sababu nilijua nitakimudu, nimekua nacho. Mjomba nilikipenda ajabu, sikuwahi kukiona vile. Kumbe sura mbili za kwanza na kile kipande cha mwisho ni nathari, maandishi ya kawaida, katikati kote ni ushairi. Kumbe wale wajumbe wanne wanaokuja mbio kumwambia Ayubu kila kitu kimekwisha wote wanafunga na maneno yale yale, kwamba mimi peke yangu nimeokoka kukuletea habari, takriri kabisa kama ya ngano. Kumbe Shetani akishapita sura ya pili haonekani tena mpaka kitabu kinaisha, hata hatajwi. Nikapata A, lekchara akaisoma kazi yangu mbele ya darasa.

Likizo nikarudi nyumbani na kichwa kimejaa. Kwetu kuna ibada kila jioni tukishakula, na tangu kaka yetu mkubwa afariki mwaka juzi kwa ajali ya pikipiki baba amekuwa anapenda sana Ayubu sura ya kwanza, ile ya Bwana alitoa na Bwana ametwaa, ndo aliyoisoma makaburini. Jioni hiyo alikuwepo mzee mmoja wa kanisa na mkewe, na shangazi. Baba akasoma akauliza nani ana neno. Nikasema mimi. Nikaeleza kwamba kiukweli hiki kitabu ni kazi ya fasihi, kina utangulizi na hitimisho, hesabu za mifugo zimepangwa kisanaa, na wataalamu wengi hawaoni kama Ayubu alikuwa mtu wa kihistoria, mtunzi kamtumia kama mhusika ili ajadili swali la mateso. Nilidhani nawapa kitu kizuri jamani. Yule mzee akanikata, "Kwa hiyo katungwa?" Nikasema ndio, kwa maana fulani. Baba akafunga Biblia, hajaomba, akaenda kulala.

Asubuhi akaniita nje. Akasema nimekusomesha uje uniambie Neno la Mungu ni hadithi kama za Sungura na Fisi? Nikamwambia baba sijasema hivo, mbona Yesu nae alifundisha kwa mifano na hakuna anaeuliza Msamaria mwema alizaliwa kijiji gani. Akasema Ezekieli anamtaja Ayubu pamoja na Nuhu na Danieli, Yakobo nae anamtaja kwenye waraka wake, sasa na hao walidanganywa? Nikakosa jibu, nikapandisha sauti, nae akapandisha, ndo akatamka kwamba nikirudia tena maneno hayo nisirudi nyumbani kwake.

Sasa yule mzee kaeneza. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo binamu wengine wanaweka mistari ya manabii wa uongo, wengine wananitetea kwa kuwatukana wachungaji, ambayo naona ndo inaniharibia zaidi. Mwalimu wa vijana kanitumia meseji anataka nije nieleze mbele ya vijana "ninachoamini". Chuoni nako lekchara alishasema imani tuiache mlangoni. Rumeti wangu ni Mwislamu, yeye kanishangaa, anasema kwao Ayubu ni nabii na kuiita Qurani fasihi hata hujaribu.

Nani yuko sahihi kati yangu na baba? Tasnifu yangu nilishapanga kuandika juu ya Ayubu na tenzi za pwani, nibadili mada? Na Pasaka narudije nyumbani?

Binti wa Mwinjilisti

*

Marahaba mwanangu, pole na msongo.

Nianze na kitu ulichokipita haraka. Kaka yako umemtaja katikati ya sentensi, kama maelezo ya kwa nini baba anapenda sura fulani, afu ukaendelea na takriri na nathari. Hebu irudie ile sura ya kwanza, mstari wa kumi na nane na wa kumi na tisa. Mjumbe wa nne haleti habari ya ng'ombe wala ngamia, analeta habari kwamba upepo umeiangusha nyumba na watoto wote kumi wamekufa humo ndani. Ndo habari anayoisoma baba yako jioni zote hizo. Yeye alipokea simu au alibishiwa hodi akaambiwa kijana wako hatunae, na maneno aliyoyashika ili asianguke mbele ya watu makaburini ni maneno ya huyu Ayubu. Sasa we unamwambia, mbele ya wageni wake, kwamba alieyasema hayo maneno pengine hajawahi kuwepo. Unadhani swali lililomuuma usiku ule lilikuwa la utanzu, la hiki ni kitabu cha aina gani?

Sisemi hivi ili ujione mbaya. Nasema kwa sababu umeniuliza nani yuko sahihi, na siwezi kukujibu kama vile mlikuwa mnabishana kitu kimoja.

Haya, tuje kwenye ubishi wenyewe, maana we ni msomi na hutaridhika nikikwambia "mheshimu baba" nikaondoka.

Hoja ya baba yako ya Ezekieli na Yakobo sio ya kudharau. Ezekieli sura ya kumi na nne inawataja Nuhu, Danieli na Ayubu kama watu wenye haki, Yakobo sura ya tano anawakumbusha wasomaji wake uvumilivu wa Ayubu. Ila zinathibitisha kwamba Ayubu alikuwa anajulikana na kila mtu na kwamba kisa chake kilikuwa na uzito, hazifungi mjadala wa namna kitabu kilivyotungwa. Na hili swali halikuletwa na chuo chenu wala na wazungu wa juzi. Ndani ya Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa kale wa mijadala ya marabi wa Kiyahudi, kwenye kitabu kinachoitwa Baba Batra, kuna mwanafunzi anasema mbele ya mwalimu wake kwamba Ayubu hakuwahi kuwepo wala kuumbwa, alikuwa ni mfano tu. Anapingwa pale pale, mwalimu anamuuliza mbona basi ametajwa kwa jina na nchi yake imetajwa, na marabi wengine wanabishana aliishi enzi gani, wengine wanamweka enzi za Musa, wengine kwingine. Karne ya kumi na mbili Maimonides, ambae Wayahudi wanamhesabu kati ya wanazuoni wao wakubwa kabisa, nae akaandika kwamba kisa cha Ayubu ni mfano. Hakuna aliemfukuza nyumbani. Watu wacha Mungu wameubishania huu mjadala miaka zaidi ya elfu moja na mia tano na bado wanasali.

Hoja yako we ya Msamaria ndo ilikuwa dhaifu. Yesu akianza mfano kila mtu pale anajua huu ni mfano, mwanasheria kauliza jirani yangu ni nani, anapewa kisa. Ungemchukua Nathani, Samweli wa Pili sura ya kumi na mbili. Daudi kamchukua mke wa Uria, kamuua Uria, katulia. Nathani anakuja na habari ya tajiri mwenye makundi ya kondoo aliemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja aliekuwa analala kifuani pake. Daudi hajui kama ni hadithi, anaichukua kama kesi imeletwa mezani kwake, anawaka hasira, anatoa hukumu mtu huyo afe. Ndipo anaambiwa wewe ndiwe mtu huyo. Kisa kimetungwa na nabii, mwanakondoo hakuwepo, na hakuna mahubiri yoyote yaliyompata Daudi vile. Baba yako anaijua hii habari kuliko mimi na we. Mwinjilisti yeyote akiikumbuka hataweza kusema kitu kikitungwa basi hakina neno la Mungu ndani yake.

Lakini ngoja, usishangilie bado.

Mi tatizo ninaloliona ni kwamba wote wawili hamjakisoma kitabu mpaka ndani. Baba yako anakaa sura ya kwanza na ya pili, kwa Ayubu mvumilivu. We umekisoma chote, sema umeishia kwenye muundo, hapa nathari hapa ushairi hapa takriri, umepata A na haki yako. Fasihi ikiishia kuorodhesha mbinu ni fasihi ya mtihani. Mwalimu wa fasihi anapaswa kuuliza swali dogo tu ambalo ukiwa darasani utawauliza hata watoto wa kidato cha pili, nalo ni nani anaongea hapa, anamwambia nani, na mtunzi anataka tumwamini kiasi gani?

Chukua mstari huu ambao umeuona kwenye kadi za harusi na milango ya maduka, kwamba mwanzo wako ujapokuwa mdogo mwisho wako utaongezeka sana. Watu wanaudai, wanauombea biashara. Ni Ayubu sura ya nane mstari wa saba. Nani kausema? Bildadi. Sasa panda juu kidogo, mstari wa nne wa sura hiyo hiyo, Bildadi huyo huyo mdomo huo huo anamwambia baba aliezika watoto kumi kwamba kama watoto wako walimkosea Mungu basi wamelipwa kwa kosa lao. Umeona? Ile ahadi nzuri ya dukani inatoka kwa mtu ambae dakika moja kabla kamwambia mfiwa watoto wako wamejitakia. Na huyo Bildadi hasemi upuuzi, ukimsikiliza yeye na Elifazi na Sofari, wanasema vitu vya kanisani kabisa, Mungu ni mwenye haki, hamwadhibu asie na kosa, tubu atakurudishia. Mahubiri mazuri. Afu nenda mwisho, sura ya arobaini na mbili mstari wa saba, Mungu anamwambia Elifazi hasira yangu imewaka juu yako na rafiki zako wawili kwa sababu hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu. Ayubu gani huyo aliyenena sawa? Ni yule aliyeilaani siku aliyozaliwa sura ya tatu, alielalamika, aliemwita Mungu mahakamani, aliesema maneno ambayo binti akiyasema kwenye ibada ya jioni angetolewa nje.

Hukumu hiyo ni teolojia, tena nzito, na huwezi kuifikia bila kusoma kama msomaji wa fasihi, kwa kufuatilia nani alisema nini na kitabu kinampa nani haki mwishoni. Asiesoma hivo atachomoa mstari wa Bildadi ampelekee mfiwa kama faraja. Na nina wasiwasi, mwanangu, baada ya ile ajali kuna watu walikuja nyumbani kwenu kumpa baba yako maneno ya Bildadi, kwa nia nzuri tu, wamekaa kwenye viti vya plastiki wanakunywa chai. Huenda na yule mzee alikuwemo.

Kuna jingine ambalo kazi yako ya semina, kwa ulivyoielezea, imeligusa ikalipita. Umesema hesabu za mifugo zimepangwa kisanaa, kweli kabisa. Mwanzo kondoo 7,000, mwisho 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000, jozi za ng'ombe 500 zinakuwa 1,000 na punda jike 500 wanakuwa 1,000, kila kitu mara mbili. Isipokuwa watoto. Mwanzo wana saba na mabinti watatu, mwisho wana saba na mabinti watatu. Hawazidishwi. Wafafanuzi wameligombania hilo kwa karne nyingi, kuna wanaosema hawakuzidishwa kwa sababu wale kumi wa kwanza bado wako kwa Mungu hivo jumla ni ishirini, kuna wanaosema ni kwa sababu mtoto hafidiwi kama punda. Na wale wa kwanza kitabu hakiwataji majina hata mmoja, ila mabinti wa mwisho wametajwa wote watatu, Yemima, Kezia na Keren-hapuki, na wakapewa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume, jambo ambalo kwenye sheria ya kale lilikuwa la mabinti wasiokuwa na kaka. Ukikaa na baba yako usimwambie "mpangilio wa kisanaa". Muulize tu, baba, kwa nini watoto hawakuongezwa mara mbili? Afu nyamaza umsikilize. Atakuwa ameshaliwaza kabla yako, nakuhakikishia.

Sasa nisikudanganye kwamba fasihi na teolojia ni pete na kidole. Kuna tofauti na haifutiki kwa maneno matamu. Ukisoma riwaya we ndo hakimu, imekupendeza hujapendezwa, wahusika wamejengeka hawajajengeka. Baba yako akifungua Biblia hakimu sio yeye. Kile kitabu kinamdai. Mshairi T. S. Eliot, ambae alikuwa mtu wa fasihi mpaka kwenye mifupa, aliandika mwaka 1935 akiwakasirikia watu wanaoisifu Biblia kama fasihi, akasema Biblia imekuwa na nguvu katika fasihi ya Kiingereza kwa sababu watu waliichukua kama taarifa ya Neno la Mungu, sio kwa sababu waliihesabu kuwa fasihi. Mi simfuati katika yote lakini hapo kasema kitu. Baba yako alichosikia jioni ile ni kwamba umeliinua lile linalomdai ukaliweka kabatini pamoja na riwaya, ukalipa maksi.

Na ile kauli ya lekchara kwamba imani muiache mlangoni, kama kanuni ya kusahihisha mtihani naielewa, huwezi kumpa mtu maksi kwa kuokoka. Kama kanuni ya kusoma Ayubu haifai. Kitabu kizima ni mtu anadai Mungu ajitokeze ajibu. Msomaji asiejali kabisa kama kuna wa kujibu atazikuta sura za thelathini na nane mpaka arobaini na moja kama orodha ndefu ya maswali ya balagha kuhusu mvua ya mawe na mbuni na farasi wa vita. Anaejali atatetemeka akifika pale "ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" na atakasirika kidogo pia, maana Ayubu kauliza kwa nini, na jibu la kwa nini halipo, ule mjadala wa mbinguni wa sura ya kwanza hakuna anaemwambia Ayubu mpaka mwisho. Sisi tunaujua, yeye hajui. Kinaya cha namna hiyo unakisikia sawasawa ukiwa na imani au ukiwa na ugomvi na imani.

Halafu mkumbushe baba yako, kwa upole, kwamba hii kazi ya kuangalia ushairi wa Biblia imefanywa sana na watu wa kanisa. Yule aliewaonyesha Wazungu kwamba ushairi wa Kiebrania unatembea kwa usambamba, mstari wa kwanza unasema na wa pili unaurudia kwa njia nyingine, mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu na anga laitangaza kazi ya mikono yake, alikuwa kasisi wa Kianglikana anaitwa Robert Lowth, mihadhara yake ya Oxford ilitoka kitabu mwaka 1753 na baadae akawa askofu wa London. Na kwa Mlutheri nina zawadi nzuri zaidi. Martin Luther mwenyewe, kwenye waraka wake wa 1530 kuhusu kutafsiri, anasimulia kwamba yeye na wasomi wenzake wa kutafsiri, Melanchthon na Aurogallus, walipokuwa kwenye Ayubu kuna wakati siku nne nzima walishindwa hata kumaliza mistari mitatu. Mistari mitatu! Kwa sababu ni ushairi mgumu, na walijua kabisa wanashughulika na ushairi. Luther hakuona kwamba kuhangaika na lugha kunampunguzia Mungu kitu. Hiyo mpe baba yako, ataitumia kwenye mahubiri, utaona.

Rumeti wako kasema kweli kwa upande wake, ila habari ni ndefu kuliko alivyokwambia. Qurani yenyewe, sura ya Yasini, inakanusha kwamba Mtume alifundishwa ushairi, kwa hiyo Mwislamu anapokataa kuweka kitabu chake rafu moja na diwani za washairi ana msingi wake. Lakini hapo hapo wanazuoni wa Kiislamu ndo walioandika vitabu vizito kabisa kuhusu ufasaha na mpangilio wa maneno ya Qurani, Abdul-Qahir al-Jurjani karne ya kumi na moja alijenga elimu nzima ya balagha akitafuta kueleza kwa nini maneno haya hayaigiki. Yaani kwao uzuri wa lugha ni hoja ya imani. Moto unawaka pale mtu akisema visa vya mitume vimesimuliwa kisanaa bila kulazimu kuwa historia. Misri mwaka 1947 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cairo, Muhammad Ahmad Khalafallah, aliwasilisha tasnifu ya udaktari juu ya sanaa ya visa katika Qurani, ikakataliwa, na msimamizi wake Amin al-Khuli akazuiwa kusimamia masomo ya Qurani. Kwa hiyo ukikaa na rumeti wako mna ya kuongea usiku kucha, sema usiende na fomula uliyoitumia kwa Ayubu ukadhani inafunguka kila mlango.

Hilo linanileta kwenye tasnifu. Usibadili mada hata kidogo. Upo Utendi wa Ayubu, ni katika tenzi za kale za pwani, J. W. T. Allen aliuweka kwenye mkusanyiko wake wa tendi wa mwaka 1971. Wazee wa pwani walimchukua Nabii Ayubu, yule ambae Qurani inasema tulimkuta mwenye subira, wakamweka kwenye mizani nane, yaani silabi nane kila mstari, beti za mistari minne, vina vitatu vinafanana na cha nne kinakwenda na utenzi wote, watu wakakaa wakausikiliza wakalia. Hawakuona kwamba nabii kapungua. Hapo una swali la utafiti la kweli, Ayubu wa Biblia anagombana na Mungu sura baada ya sura, huyu wa tenzi je, ugomvi umekwenda wapi, mke wake kapewa nafasi gani? Tahadhari moja tu, utenzi juu ya nabii sio andiko lenyewe, Mwislamu hatakubali uzilinganishe kama vile zina cheo kimoja, kwa hiyo andika wazi mwanzoni unalinganisha nini na nini, la sivyo mtahini atakukaanga.

Sasa nyumbani. Grupu la ukoo usijibu kitu, hata kile cha binamu wanaokutetea, wale wanaotukana wachungaji wapigie simu mmoja mmoja uwaambie wanyamaze kwa ajili yako. Mwalimu wa vijana mjibu wiki hii hii, kwa heshima na kifupi, kwamba utakuja siku nyingine baba yako akiridhia. Usiende, maana hapo huendi kufundisha, unaenda kusimamishwa kizimbani, na kila utakalosema litamfikia baba yako limegeuzwa kabla hujafika stendi.

Pasaka rudi. Lile neno la baba "usirudi" lilitoka kwenye hasira na kila mwenye watoto analijua, ila usifike kwa kushtukiza, ongea na mama kwanza, yeye ndo anajua siku gani upepo umetulia. Ukifika muombe baba radhi kwa mahali na wakati, kwamba ulimfundishia mbele ya wageni kwenye ibada yake. Kwa hilo tu. Usiombe radhi kwa kusoma, na usijifanye hujasoma, atajua unamdanganya na itamuumiza upya. Akikuuliza kwa sauti ile, sasa mwanangu sema, alikuwepo au hakuwepo? mpe jibu lako la kweli hata kama ni "baba sijui, ila maneno yake nayaamini", kama ndo ukweli wako. Barua yako yote haijaniambia unaamini nini, umeniambia wataalamu wanaona nini. Baba yako yeye ataulizia hilo la kwako.

Afu siku moja, sio kwenye ibada, mkiwa wawili tu shambani au mnapanda daladala kwenda sokoni, mwambie baba, mbona sura ya tatu hatujawahi kuisoma jioni? Akikubali msome pamoja, bila notsi zako. Ayubu hapo anasema yote. Na kama baba yako akianza kuongea habari za kaka yako, mwache aongee, usimtafutie jina la mbinu aliyotumia. Wale rafiki watatu walifanya jambo moja la maana katika kitabu chote, walikaa chini na Ayubu siku saba usiku na mchana hawasemi neno.

Yule mzee wa kanisa muachie baba yako, wataelewana wenyewe.

Mjomba